Visiwa vya Miaka Hamsini na Miwili

Jumatatu, 3 Machi

Sampuli imefika. Saa nne asubuhi, ndani ya boksi la barafu, na dereva akataka sahihi tatu. Kongosho zima — kichwa, kiwiliwili, mkia — na kipande cha wengu juu yake. Jina hakuna, namba tu. Mwanamke. Miaka sitini na tisa. Amekufa kwa kiharusi. Kisukari cha aina ya kwanza tangu ana miaka kumi na saba.

Nikapiga hesabu kichwani. Hamsini na mbili! Miaka hamsini na miwili ya kujidunga kila siku ya Mungu. Nilisimama na ile karatasi mkononi kama niliyesahau njia.

Bi Wembe hakusimama. Ndiye anayetukatia sampuli, nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya imekwenda. Jina la Wembe tulimpa sisi na mwenyewe analipenda. Alifungua boksi, akasema chini chini, "Karibu mwenzangu, pole na safari," ndipo akavaa glavu. Husema hivyo kwa kila anayeletwa. Miaka ishirini na miwili niko maabara hii, na sijawahi kumcheka.

Sitarajii jipya. Wagonjwa wa muda mrefu hivi habari yao tunaijua. Seli za kinga, askari wa mwili, ziliwageukia wenye nyumba, zikaua seli zinazotengeneza insulini mpaka ya mwisho, zikaondoka. Baada ya miaka kumi, uwanja mtupu. Nimeliandika hilo mimi mwenyewe, mimi na Mwalimu wangu, mwaka wa kumi na mbili sasa. Makala ile ndiyo iliyonipa chumba hiki.

Ila nimemwambia Bi Wembe akate sehemu thelathini, si moja kama kawaida yetu. Akaniangalia juu ya miwani. Kwa nini? Sijui. Adabu tu. Mtu kabeba kitu miaka hamsini na miwili, unamkata kipande kimoja na kusema umemwona?


Alhamisi, 6 Machi

Nimepitia kwa mdogo wangu kuchukua sketi. Ni fundi cherehani. Watu wote wanamwita Sindano, na wateja wanadhani ni kwa ajili ya kazi yake. Wacha wadhani. Jina alilipata darasa la tatu, kwa watoto wenzake, na halikuwa la sifa.

Alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na mitatu. Wiki mbili alikunywa maji kama mchanga, akakonda mpaka shati likawa linamvaa yeye. Siku moja tukitoka shule miguu ikamwisha. Nikambeba mgongoni. Pumzi yake ilinuka matunda yaliyooza — sijasahau, na sitasahau. Hospitali daktari akamwambia mama kwamba mwili wa mtoto unajishambulia wenyewe. Nikauliza: kwa nini? Mama akanifinya ninyamaze. Daktari akasema hakuna anayejua.

Hakuna anayejua! Mtu mzima, koti jeupe, na hajui! Nadhani maisha yangu yaliamuliwa pale pale.

Leo Sindano amenipa sketi, akasema amenipunguzia kiuno maana nimekonda, na kwamba yeye ndiye mgonjwa lakini mimi ndiye ninayekaribia kuzikwa. Kisha akajipima kidoleni, akajidunga tumboni palepale katikati ya vitambaa, akaendelea na pindo. Miaka thelathini na miwili. Hata hakuacha kuzungumza.


Jumanne, 11 Machi

Naandika mbio, nisisahau chochote.

Nilikuwa chumba cha giza tangu asubuhi. Pale hadubini huonyesha rangi tulizopaka: kijani ni insulini, nyekundu ni askari wa kinga, buluu ni kiini cha kila seli. Ndani ya kongosho kuna vikundi vidogo vidogo vya seli, tunaviita visiwa. Kwa mtu mzima mwenye afya, kila kisiwa kinawaka kijani kama shamba la mpunga. Kwa wagonjwa wetu visiwa vipo, vimejaa seli nyingine, lakini kijani hakuna.

Kipande cha kwanza, hakuna. Cha pili, hakuna. Cha tano, cha tisa, cha kumi na tatu — hakuna, hakuna, hakuna. Nikaanza kuwaza chakula cha mchana.

Cha kumi na nne. Cha mkiani.

Kijani.

Nikadhani vumbi. Vumbi nalo hung'aa, limeshawadanganya wakubwa kuliko mimi. Nikafuta lenzi. Nikakuza. Siyo vumbi! Seli. Nne. Nikasogeza kidogo — kumi na moja. Nikasogeza tena, na ghafla kisiwa kizima, mviringo kama punje ya mtama, kimejaa kijani. Pembeni yake kingine. Pembeni kingine. Kona moja ya mkia, pana kama ukucha wa kidole cha mwisho, na ndani yake visiwa vinaishi. Vilikuwa vinaishi, niseme. Mpaka juzi.

Nikatoa jicho. Nikaangalia ukuta. Nikarudisha jicho. Bado vipo.

Miaka hamsini na miwili!

Nilikuwa nalia na sikujua mpaka Bi Wembe alipogonga kuuliza kama nimelala humo. Nikamwambia aje aone. Aliangalia kitambo, akasema, "Ala." Halafu, "Kumbe mwenzetu alikuwa na akiba." Akakaa kwenye kiti changu bila kuomba.


Jumatano, 12 Machi

Furaha ya jana imelala, mashaka yameamka. Na kama sampuli zimechanganywa? Kama kipande cha kumi na nne ni cha mtu mwingine, mwenye afya zake? Yametokea penye maabara kubwa kuliko yetu.

Nikamuuliza Bi Wembe kwa upole. Upole haukusaidia kitu.

"Mimi? Nimechanganya?"

"Sijasema umechanganya, Bi Wembe. Nimeuliza tu."

"Kuuliza ndiko kusema." Akavua koti, akalitundika, akatoka. Baada ya dakika tano karudi na daftari lake. Kila kipande: saa, dakika, namba, na alama yake ya msalaba pembeni. Miaka thelathini na mmoja ya msalaba ule. Nikaomba radhi. Hata hivyo nimetuma kile kipande na wengu wake vikalinganishwe vinasaba. Yeye mwenyewe ndiye aliyefunga bahasha — kwa nguvu.


Jumatatu, 17 Machi

Majibu: mtu mmoja. Bila shaka yoyote. Bi Wembe hajasema neno, anapiga mluzi tu tangu saa tatu.

Nami leo nimepaka tena, nikatafuta wekundu. Hapa sijui niandike vipi.

Askari wapo. Hawakuondoka. Nusu karne, na bado wapo, kandokando ya vile visiwa vya kijani. Nimewahesabu: kwenye kisiwa kimoja kumi na saba, kingine tisa. Niliwahi kuwaona askari hawa kwa watoto waliokufa siku za mwanzo za ugonjwa — wanamiminika ndani, wanakandamizana, kisiwa kinapasuka kama embe lililokanyagwa. Hawa hapana. Wamekaa mpakani. Mmoja mmoja, wametulia, wamegusana na seli za kijani kabisa, ukuta kwa ukuta, na hawafanyi kitu. Wanazijua. Ndio hao hao waliofunzwa kuziua. Na hawaziui.

Nani aliwaambia waache?

Miaka yote nimeuliza kwa nini wanashambulia. Sikuwahi kuuliza kwa nini wangeacha, maana nilikwishaandika kwamba hawaachi.

Sikula mchana. Nilikaa nao tu. Kuna ukimya fulani kule ndani, mtu asiyewahi kuchungulia hawezi kuuelewa. Nimewahi kwenda ibadani nisiupate.


Jumatano, 19 Machi

Nimempigia Mwalimu. Amestaafu, anafuga nyuki, sikio moja halisikii. Nikamweleza. Akasema ni seli chache za bahati. Nikasema si chache. Akasema mimi siku zote nina haraka. Nikasema Mwalimu, makala yetu ina kosa. Akakata simu.

Kanikatia simu! Yeye aliyenishika mkono mara ya kwanza kuzungusha lenzi.


Alhamisi, 20 Machi

Kapiga mwenyewe, saa moja asubuhi, nimeshika mswaki.

Hakunisalimia. Akasema kashinda jana kutwa kwenye stoo, kashusha madaftari yetu ya zamani. Makongosho kumi na tisa yale ya makala yetu. Akauliza, unajua tulikata vipande vingapi kwa kila moja? Nikasema najua. "Kimoja!" akapiga kelele. "Kimoja kimoja! Tena cha kichwani, kwa sababu kichwani ni rahisi kukata!" Nasikia nyuki wake, au ni simu. Kisha kwa sauti nyingine kabisa, akaniomba nimweleze tena wale wekundu wamekaaje. Nikamweleza. Akataka tena. Mara ya tatu akasema, "Wamekaa tu? Wanagusana nazo, na wamekaa tu?" Ana miaka themanini na moja, na alikuwa anauliza kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Tutaandika masahihisho. Kasema jina lake litangulie, maana kosa ni lake kwanza.


Ijumaa, 28 Machi

Ofisi ya uchangiaji viungo ilinipigia wiki iliyopita. Familia ya yule mama imeandika barua. Inauliza tu: alichotoa kimefaa? Sheria inaruhusu tuonane wakitaka wenyewe. Nikasema waje.

Kaja mmoja. Mume wake. Mzee mfupi, koti lililopigwa pasi, kofia mkononi. Fundi saa. Nikamwamkia, akaitikia, akakataa chai, akaketi ukingoni mwa kiti. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nikayaacha yote.

Nikamuuliza kama angependa kuona.

"Kuona nini, mwanangu?"

"Alichotoa, baba. Sehemu yake iliyokuwa nzima."

Akafikiri. Akaweka kofia juu ya meza. Bi Wembe akamwekea kiti mbele ya hadubini, na nilikuwa nimeanza kumwelekeza kuzungusha lenzi — hakuhitaji! Miaka yote ya kuchungulia meno ya saa. Vidole vikaenda vyenyewe, kidogo mbele, kidogo nyuma, akatulia. Sijawahi kuona mgeni akitulia hivyo. Wote huwa wanafumba jicho moja na kulalamika.

Akasogeza lenzi tena, kidogo.

"Hii kijani ni yeye?"

"Ni yeye. Ilikuwa bado inatengeneza insulini."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku ile, baba."

Hakutoa jicho. Akaanza kuongea akiwa palepale, na mdomo wake ulikuwa karibu uguse chuma. Kwamba walipooana sindano zilikuwa za kutumia tena na tena, na bomba la kioo, unachemsha kwenye sufuria kila asubuhi. Sindano zikawa butu, mkewe anapata michubuko mapajani. Basi yeye akawa anazinoa dukani, juu ya kinoo anachonolea vifaa vyake, na anachungulia ncha kwa lenzi ya jicho. Mkewe akawa anatamba kwa wenzake kliniki kwamba ana sindano kali kuliko za hospitali. Daktari mmoja alimwambia asizae, hatamaliza miaka ishirini. Alizaa wawili. Alimzika yule daktari.

"Alikuwa akisema ndani kuna kitu kinamsaidia," mzee akasema. "Mimi nikamwambia ni Mungu. Akasema, ndiyo, lakini na kingine."

Bi Wembe akatoka nje. Nilimsikia akipenga.

Kisha mzee akauliza hizo nyekundu ni nini. Nikasema ndizo zilizomuumiza. Akaangalia tena, muda mrefu zaidi. Akauliza, "Mbona zimekaa kama zimeomba msamaha?" Nikamwambia, baba, hilo sijui. Nataka kulijua kabla sijafa.

Akaitikia kwa kichwa. Alipoinuka alitoa leso, nikadhani ni ya machozi. Akafuta lenzi ya hadubini mahali jicho lake lilipogusa, taratibu, kwa mduara. Akachukua kofia.


Jumapili, 30 Machi

Nimemwambia Sindano. Nilijua kuna neno nadaiwa, nimelikwepa karibu wiki tatu.

Makala yetu ilipotoka, miaka kumi na miwili iliyopita, alikuja nyumbani na soda isiyo na sukari kunipongeza. Akataka nimfafanulie. Nikamfafanulia. Akauliza, "Kwa hiyo ndani yangu mimi hakuna kitu? Hata kimoja?" Nami, nimevimba kichwa kwa sifa, nikajibu, "Hata kimoja." Akacheka, akasema basi tumezika. Siku zilizofuata hakufungua duka. Mama aliniambia. Nikasema atakuwa na mafua.

Leo nikamkuta anashona sare za shule. Nikaeleza yote nimesimama. Mguu wake ukaendelea kukanyaga. Nilipomaliza akafika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, akaweka gauni pembeni.

"Kwa hiyo ulikuwa hujui."

"Nilidhani najua."

"Mimi sikuuliza unachodhani, dada. Mimi nilikuuliza mwili wangu." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Unajua nilivyokuwa naishi baada ya hapo? Kama nyumba iliyohamwa. Kuna miaka nilikuwa nadunga hovyo. Nasema ya nini kujihangaisha, kulinda nini? Jicho hili la kushoto limeharibika miaka ile."

Sikuijua sababu ya jicho. Nilijua jicho, sikujua sababu.

Nikasema nisamehe, mdogo wangu. Akasema subiri kwanza, asinisamehe kwa haraka halafu ikawa bure. Akashika gauni lingine. Akaligeuza. Akaweka chini.

Akauliza kuna kipimo? Nikasema kipo, cha damu. Unakunywa kinywaji maalumu, wanakutoa damu mara kadhaa kwa saa mbili, wanaangalia kama mwili umejitengenezea insulini yake wenyewe, tofauti na ile unayodunga. Nikasema usitegemee, wengi hawana. Nikasema hata ukiwa nayo ni punje, utaendelea kudunga vilevile. Nikasema na nisiwe mimi wa kupima, awe daktari wake wa kliniki. Nilikuwa naongea mbio. Akanikatiza.

"Dada. Unaogopa?"

"Sana."

"Vizuri," akasema. Akarudi kwenye cherehani.


Jumanne, 8 Aprili

Kipimo kimefanyika. Nilimsindikiza, nikakaa korido. Ametolewa damu mara sita. Muuguzi akamwuliza kama anaogopa sindano. Akamwambia yeye ndiye Sindano, waogope wengine. Kicheko mpaka chumba cha pili.

Katikati akaniita. Akasema anaona ajabu. Miaka yote damu yake inapimwa kujua ubaya umefika wapi. Leo ni mara ya kwanza inapimwa kutafuta kizuri.

Niliangalia kichupa cha damu yake kimelala kwenye kishikio, bado kina joto.

Maabara nako: mwanafunzi wangu ameanza kusoma vinasaba vya wale askari waliotulia, mmoja mmoja. Anasema kuna alama juu yao ambazo hajawahi kuziona kwa wauaji. Anasema inaonekana wamechoka. Mimi nikamwambia aandike "wametulia" mpaka tujue. Kuchoka na kutulia si kitu kimoja.


Jumatano, 16 Aprili

Naandika gotini. Korido ya kliniki, benchi la plastiki, saa tano kasoro.

Wamempigia jana: majibu yapo, aje. Hawakusema kitu kwenye simu. Huwa hawasemi. Nimejiambia hivyo mara ishirini.

Sindano kaja na shati jipya alilojishonea. Nikamwuliza la nini. Akasema kama ni msiba, ni msiba wake, atavaa anavyotaka. Tukacheka. Bega lake na langu yanagusana. Nilikuwa nawaza kwamba ndani ya yule mama kulikuwa na uhai miaka hamsini na miwili na hakuna aliyejua, si daktari wala mumewe, na mimi niliyeapa kwamba haupo nilikuwa hai wakati ule ule, labda tuliwahi kupishana sokoni. Na sasa bega hili. Thelathini na miwili.

Daktari wa kliniki katoka, kaita. Nikainuka pamoja naye.

"Kaa, dada. Naingia mwenyewe."

Nimekaa.

Mlango haukufungwa vizuri, umebaki wazi upana wa kidole. Simwoni. Naona ukingo wa meza na karatasi mbili. Kiti kinavutwa. Daktari anaongea, sauti ndogo, sentensi ndefu. Siipati. Karatasi inageuzwa.

Mdogo wangu anasema, "Hebu rudia hapo, daktari. Polepole."

Daktari anarudia. Namba. Nimesikia neno "namba", sikusikia ngapi.

"Hapana, subiri," anasema Sindano. Sauti yake siijui. Namjua miaka arobaini na mmoja na hiyo siijui. "Subiri. Dada yangu aliyeniambia 'hata kimoja' yuko nje, asikie kwa masikio yake."

Kiti kinasukumwa nyuma. Hatua zake. Nimesimama, kalamu i mkononi, mlango una—